KUPANGA NI KUCHAGUA: LAKINI NI NANI ANAYECHAGUA?



1. Neno lisemwalo kila baada ya mafuriko

Kila mara Mto Lumemo unapoacha kingo zake na maji kuingia katika nyumba za watu, neno moja husikika katika mji wetu wa Ifakara. Husikika sokoni, husikika katika vijiwe vya bodaboda na, kwa masikitiko makubwa, husikika hata katika uwanja wa kanisa baada ya Misa: "Walijitakia wenyewe. Nani aliwatuma kwenda kukaa kule?" Wapo waamini wanaosema hivyo huku wakileta unga, maharage na nguo kwa ajili ya waliokumbwa na maji. Mkono unatoa sadaka, ulimi unatoa hukumu.

Kijitabu hiki kinaandikwa ili kulipinga neno hilo. Tunalipinga kwanza kwa sababu si la kweli. Tena tunalipinga kwa sababu lina kazi ya siri: linatuzuia kuuliza maswali mengine. Maana tukisha kukubali kwamba maskini amejitakia maafa yake, hatutauliza kamwe ni nani aliyemuuzia kile kiwanja, ni nani aliyegonga mhuri kwenye karatasi ya mauzo, na ni nani anayepokea kodi ya kile chumba kila baada ya miezi sita.

2. Maana mbili za neno moja

Mwaka 1969, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU, Mwalimu Julius Nyerere alitoa kauli ambayo imebaki midomoni mwetu hadi leo: kupanga ni kuchagua. Maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Nchi yenye fedha chache haiwezi kufanya mambo yote kwa wakati mmoja. Hivyo anayepanga hana budi kuamua lipi litangulia na lipi litangoja.

Lugha yetu, hata hivyo, ina kupanga kwa namna mbili. Yuko anayepanga mipango, naye yuko anayepanga chumba. Wa kwanza huchagua kweli: huamua barabara ipite wapi, bomba la maji lifike wapi, viwanja vipimwe wapi na mfereji uchimbwe wapi. Wa pili, yaani mpangaji, huambiwa kwamba naye amechagua. Lakini mara nyingi yeye hupokea tu kile kilichobaki baada ya wengine kumaliza kuchagua. Kumwambia mtu wa namna hiyo "ulijichagulia" ni sawa na kumlaumu mtu aliyekuta sufuria tupu kwamba amependa ukoko.

3. Mitaa miwili ya mji mmoja

Tutazame mji wetu. Unao mtaa ambao jina lake lenyewe, Viwanja Sitini, hukumbusha kazi ya kupima na kuhesabu viwanja. Unayo pia makazi yaliyokua yenyewe, nyumba baada ya nyumba, kuelekea mashamba ya mpunga na kingo za Lumemo, pasipo mpimaji wala mchoro. Hatusemi kwamba mtaa uliopimwa haufikwi na maji kamwe. Ifakara yote iko tambarare, kiasi cha mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Udzungwa hutumwagia maji yake sisi tulio chini. Lakini katika nchi tambarare, kimo cha goti ni kitu kikubwa. Nyumba moja hulowa kizingiti, na nyingine, hatua mia mbili tu kutoka hapo, hujaa maji hadi kwenye madirisha.

Hebu mtu aje leo kutafuta chumba. Katika mtaa uliopimwa atakuta njia inayopitika na gari, kisima kilicho mbali kidogo na choo, na mwenye nyumba aliye na karatasi za kumiliki. Katika makazi ya bondeni atakuta njia ya kupita mtu mmoja, choo cha shimo kilichochimbwa mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, na kisima kifupi jirani na choo hicho. Masika yanapojaza shimo la choo, kilichomo humo hutoka na kuelekea kisimani. Ndivyo kipindupindu na homa ya matumbo zinavyopata njia. Chumba cha kwanza kina kodi kubwa, cha pili kina kodi ndogo. Na mama mwenye watoto watatu, anayeuza vitumbua sokoni, atakwenda kwenye kile cha pili. Je, amechagua mafuriko? La hasha! Amechagua watoto wake wale chakula cha jioni.

Tena ile kodi ndogo si ndogo. Tuijumlishie godoro lililooza, gunia la mpunga lililolowa, dawa za mtoto anayeharisha, na siku za kazi zilizopotea katika kuhamisha vyombo. Hesabu hii haiandikwi katika mkataba wowote, lakini hulipwa kila mwaka wa maji mengi, na hulipwa na mpangaji peke yake. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema. Nasi tuongeze kwamba nyumba rahisi si kodi.

4. Jambo ambalo wataalamu wametuonyesha

Mji wetu umechunguzwa kuliko miji mingi ya Afrika kwa habari ya malaria, tangu Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alipoanzisha maabara hapa Ifakara mwaka 1957, ile iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba mkazi wa mji wa Ifakara alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea vya malaria kiasi cha mara 30 kwa mwaka. Kiwango hicho kilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya kile kilichopimwa katika kijiji jirani cha Namawala. Bonde ni lile lile, mpunga ni ule ule, mvua ni ile ile. Lakini mahali mtu anapolala palibadili hatari yake zaidi ya mara kumi.

Wataalamu hao hao wametufundisha kwamba mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa. Basi nyumba yenye dari na wavu madirishani hulinda uhai, na nyumba isiyo na hivyo huuweka uhai hatarini. Hapa suala la mtaa na nyumba linaacha kuwa suala la starehe na heshima mbele ya majirani. Linakuwa suala la nani ataishi na nani atazikwa. Ndiyo maana Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, katika hati yake ya mwaka 1987 kuhusu Kanisa na tatizo la makazi, ilifundisha kwamba makazi ni hitaji la msingi la jamii, wala hayawezi kuhesabiwa kuwa bidhaa ya soko tu.

5. Fundisho kutoka Dar es Salaam

Wapo watakaosema: dawa ni rahisi, wahamishwe wote wapelekwe mahali pakavu. Tuangalie yaliyotokea Dar es Salaam. Mvua kubwa za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 na kuwaacha maelfu bila makao, hasa katika bonde la Mto Msimbazi. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa kaskazini mwa jiji. Ardhi ilikuwa kavu na viwanja vilipimwa. Lakini wengi wa wale watu walikuwa wakipata riziki yao Kariakoo na Jangwani, kwa kubeba mizigo, kuuza maji na kupika chakula. Kutoka Mabwepande nauli ya kwenda na kurudi ilimeza pato la siku. Baadhi yao waliuza viwanja wakarudi bondeni, na watu wakawacheka kwamba hawana akili. Kisha mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zikaanza kubomolewa.

Tusiwacheke. Walifanya ulinganisho wa mitaa miwili kwa makini kuliko waliowahamisha. Mtaa mmoja ulikuwa na maji mara moja kwa miaka kadhaa; mtaa wa pili ulikuwa na njaa kila siku. Anayetaka kumwondoa maskini mahali pa hatari, na asimwondolee riziki yake, asije akahamisha tu kifo kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

6. Wanaochagua ni hawa

Basi tuwataje wanaochagua kweli kweli, kila mmoja kwa cheo chake.

Kwanza ni wapangaji wa mji. Ubaguzi wa mitaa hatukuubuni sisi. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliigawa Dar es Salaam katika kanda za Wazungu, za biashara na za Waafrika, na majina ya uzunguni, uhindini na uswahilini yangali hai katika miji yetu. Lakini wakoloni wameondoka zaidi ya miaka 60 iliyopita. Ikiwa hadi leo viwanja vinapimwa polepole kuliko watu wanavyozaliwa na kuhamia, huo ni uchaguzi wetu. Daraja la Mto Kilombero lilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na lami ya kutoka Kidatu imetufikia. Tunashukuru kwa yote mawili. Lakini barabara huvuta watu, na watu huvuta bei. Mji usiopima viwanja vya watu wa kipato cha chini kabla ya wageni kufika, umekwisha kuamua kwamba watu hao watakaa majini.

Pili ni viongozi wa mitaa na vitongoji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hata hivyo, karatasi za mauzo ya viwanja vya kingoni huandikwa, hushuhudiwa na kupigwa mhuri, na baadhi ya wanaogonga mihuri hiyo hupokea kile kiitwacho asilimia kumi, pasipo stakabadhi. Siku ya bomoabomoa, mhuri ule hauonekani. Anayeonekana ni mama aliyekaa juu ya vyombo vyake.

Tatu ni wauzaji na madalali. Wanajua vema mahali maji yalipofika. Ndiyo maana wanapenda kuonyesha kiwanja mwezi wa Agosti, ardhi ikiwa imepasuka kwa ukavu, na kuonyesha chumba baada ya kupaka chokaa juu ya alama ya maji iliyo ukutani. Dalali huchukua kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya siku moja, kisha hatafutwi wala hapatikani masika yakija.

Nne ni wenye nyumba, na hapa hatuna budi kusema wazi, kwa sababu wengi wao ni sisi wenyewe: wajumbe wa Halmashauri za Walei, wanakwaya, viongozi wa Jumuiya. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ya chumba imeachwa kwenye mapatano. Lakini ni mapatano gani kati ya mwenye nyumba kumi na mtu asiye na mahali pa kulala usiku huo? Anaambiwa alete kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Maji yakiingia mwezi wa pili wa mkataba, harudishiwi hata senti. Hata kodi ya majengo, ambayo kwa haki ni mzigo wa mwenye jengo, imewaangukia wapangaji tangu ilipoanza kukatwa katika umeme wa LUKU mwaka 2021. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapandishwa mwaka 2023 hadi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Mwenye nyumba mwadilifu angeipunguza katika kodi yake. Tuulizane: ni wangapi kati yetu tunafanya hivyo?

7. Majibu kwa wanaopinga

Wa kwanza atasema: "Mimi nami si tajiri. Vyumba vyangu vinne ndiyo pensheni yangu." Ni kweli, na Kanisa halimnyimi mtu matunda ya jasho lake. Lakini kodi ya haki ni jambo moja, na kuuza hatari kwa kuificha ni jambo jingine. Mwenye nyumba akisema, "Hapa maji hufika kizingitini masika yakiwa makubwa," hapotezi nyumba yake. Anapoteza tu ile faida iliyotokana na uongo.

Wa pili atasema: "Hakuna aliyewalazimisha." Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Uhuru wa kuchagua kati ya vitu viwili hauwi uhuru ikiwa kimoja kati ya hivyo mtu hawezi kukilipia.

Wa tatu ataleta Injili yenyewe, mfano wa mtu mwenye akili aliyejenga juu ya mwamba na mpumbavu aliyejenga juu ya mchanga, katika sura ya saba ya Mathayo. Mfano huo umetumiwa mno kuwasuta watu wa bondeni. Tuusome vizuri. Bwana mwenyewe ameeleza kwamba mpumbavu ni yule anayeyasikia maneno yake asiyatende. Basi anayesikia kila Dominika amri ya kumpenda jirani, kisha Jumatatu akamuuzia jirani huyo mfereji akiuita kiwanja, huyo ndiye aliyejenga juu ya mchanga, hata kama nyumba yake mwenyewe ina msingi wa zege.

8. Namna ya kulinganisha mitaa kwa macho wazi

Wakati tunadai haki, tusiwaache ndugu zetu wadanganywe. Kabla ya kununua au kupanga, linganisha mitaa miwili kwa mambo haya:

(a) Itembelee yote miwili wakati wa masika, au siku moja baada ya mvua kubwa. Aisifuye mvua imemnyea; hivyo waulize wapangaji na majirani, usimuulize dalali. Uliza hasa wazee waliokaa hapo zaidi ya miaka 20: maji yalifika wapi, na yalikaa siku ngapi?

(b) Angalia kuta kwa chini, miti na nguzo. Maji huacha mstari wake.

(c) Pima kwa hatua umbali wa kisima hadi choo, na wa nyumba hadi mtoni. Ukiwa ndani ya mita 60 za mto, unanunua ugomvi na sheria.

(d) Jumlisha kodi pamoja na nauli ya kwenda kazini, sokoni, shuleni na hospitalini. Chumba cha bei nafuu upande wa Kibaoni chaweza kuwa ghali kwa mtu ambaye kazi yake iko katikati ya mji. Nacho chumba cha karibu na soko chaweza kuwa ghali kwa dawa.

(e) Kwa mnunuzi: dai kuona hati au barua ya toleo, nenda nayo ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Mji ukahakikishe jina na matumizi ya kiwanja, na hakikisha mume na mke wote wameridhia mauzo. Mhuri wa mtaa peke yake haukupi usalama.

(f) Kwa mpangaji: dai mkataba wa maandishi na stakabadhi ya kila malipo. Mkataba useme nani anatengeneza paa, nani analipa kodi ya majengo, na kodi iliyotangulizwa itarudishwaje nyumba ikishindwa kukalika. Mgogoro ukizuka, Baraza la Kata linaweza kusuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

9. Yanayotupasa

Tunaziomba Kamati za Haki na Amani za parokia zote za bonde letu zifanye mambo matatu. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iandike katika daftari mahali maji yalipofika, mwaka hadi mwaka, ikiwemo masika ya 2024 yaliyofurisha bonde letu, ili mnunuzi yeyote, wa dini yoyote, apate mahali pa kuuliza. Kila mwamini mwenye nyumba ya kupangisha asidai zaidi ya kodi ya miezi mitatu kwa mara moja, wala asifiche habari za maji. Na viongozi wetu wa walei wahudhurie mikutano ya hadhara ya mitaa na kuuliza kwa adabu, lakini bila kuchoka: viwanja vya watu wa kipato cha chini vitapimwa lini, wapi, na kwa bei gani?

Tusingoje maji yaje tena ndipo tukusanye unga. Sadaka baada ya mafuriko ni njema. Haki kabla ya mafuriko ni bora kuliko hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni nyumba zipi huingiliwa na maji, na ni nani anazimiliki? Mwenye nyumba hizo anaishi wapi?

2. Je, katika Jumuiya yetu kuna mtu aliyeuziwa kiwanja au kupangishwa chumba kwa udanganyifu? Tumemsaidiaje kudai haki yake?

3. Sisi tulio na vyumba vya kupangisha, tungekubali watoto wetu walale humo mwezi wa Aprili?